Tairi ya Upande wa Ziwa

Mkurugenzi wetu hakujua kufungua kifuniko cha injini. Naanza na hilo ili asije mtu akasema namwonea. Siku moja nilimkuta ameinama mbele ya gari yake nyekundu, anapapasa chini ya bati kama mtu aliyedondosha kifungo, mpaka akachoka na kumwita mlinzi wa lango. Mlinzi akafungua. Mkurugenzi akatazama ndani, akatikisa kichwa kwa uzito, akasema, "Iko muzuri," akarudi ofisini.

Huyo ndiye tuliyepewa. Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, mali ya wageni ilipogawiwa wananchi, yaani wale wananchi waliokuwa wamesimama karibu na meza. Mgiriki aliyejenga garage yetu pale Bukavu aliamka asubuhi akiwa na karakana, na kabla ya juma kwisha alikuwa anafunga masanduku. Aliyeketi kwenye kiti chake alikuwa mwimbishaji wa Chama. Kuimbisha alijua, siwezi kumnyima hilo. Kila asubuhi, kabla mtu hajashika spana, tulipanga mistari mbele ya bendera, tukaimba, tukakata viuno, wazee wenye wajukuu pamoja nasi vijana, halafu citoyen directeur, yaani raia mkurugenzi, akatuambia kwamba kazi ni kazi. Akisha kusema hivyo alikuwa amemaliza ya kwake kwa siku nzima.

Aliyejua kazi kwa kina alikuwa mtu mmoja, muzee wa Kalehe, mwembamba, mwenye koti la bluu lililofuliwa mpaka likawa rangi ya jivu. Alifundishwa Lwiro, zamani za Wabeleji, kwenye karakana ya magari ya watafiti. Wale wazungu walikwenda kutafuta nyoka na wadudu milimani, wakarudi na magari yamepinda kila upande, na yeye ndiye aliyeyanyoosha. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na uzi mrefu wa kuvulia samaki, kipande cha chaki, na kijiwe kilichofungwa kwenye kamba. Uzi aliuvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akapima pengo kwa ukucha. Kijiwe alikining'iniza kando ya gurudumu, aone limeinama ndani au nje na kwa kiasi gani. Gari ikitoka mikononi mwake, uliweza kuachia usukani kwenye barabara tambarare na isiende kokote isikotakiwa.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka shule ya ufundi na diploma yangu ndani ya plastiki, na nilimcheka. Niseme ukweli hapa kwa kuwa sitapata nafasi nzuri zaidi: kabla sijamdharau mkurugenzi, nilianza na muzee. Uzi na kijiwe. Nilikuwa nimesomea vitabu vyenye michoro, na leo nakaa nikimtazama mtu anapima gari kwa vitu vya kuvulia samaki. Niliwasimulia wenzangu wa shule tukaangua kicheko, tukiwa tumekaa kwenye bia.

Siku moja ililetwa gari ya mapadri iliyokuwa inakula tairi za mbele. Mimi nikachuchumaa kuangalia, nikakunja uso kama msomi. Muzee akanishika mkono, akakibandika kiganja changu juu ya tairi.

"Hapana angalia," akasema. "Jicho linadanganya. Pitisha mukono."

Nikapitisha kutoka nje kwenda ndani, ikawa laini. Nikarudisha, ikakwaruza kama ulimi wa ng'ombe.

"Unasikia?"

"Nasikia, papa."

"Basi hii gurudumu haiendi mbele. Inaburutwa upande-upande, kama mulevi banamurudisha kwake."

Tangu siku ile niliacha kucheka. Kwa kiganja chake aliweza kukuambia kwamba tairi imejazwa upepo mdogo, kwa sababu imelika mabega yote mawili na katikati imebaki. Alikuambia kwamba dereva anapenda breki, au kwamba springi za gari zimekufa na gurudumu linarukaruka. Aliwahi kumwambia mfanyabiashara mmoja kwamba gari yake hupelekwa mahali na mtu mwingine kila juma, mahali penye kona nyingi za mawe, na yule bwana akaenda nyumbani akagombana na shemeji yake. Nilijifunza kwake zaidi ya nilichojifunza shuleni kwa miaka minne. Sikuwahi kumwambia hivyo.

Sasa nije kwenye mashindano. Bukavu ina rasi zinazoingia ziwani, na moja ina barabara inayoizunguka yote, katikati ya nyumba za wakubwa. Wakati wa Wabeleji watu wenye magari madogo ya mbio walikuwa wakifunga barabara ile Jumapili moja moja na kushindana. Mkurugenzi wetu alikuwa amepata gari nyekundu ya mbio, pamoja na garage, pamoja na mbwa wa Mgiriki. Akanunua glavu nyeupe. Akasikia kwamba Chama kitafufua mashindano, na kwamba viongozi wa mkoa watakuja kutazama, na hapo akili kidogo aliyokuwa nayo ikamtoka.

Mtu fulani alimwambia kwamba zamani kulikuwa na Mubeleji mmoja mwenye shamba la kahawa aliyeshinda kila mara, kwa sababu magurudumu ya gari yake yalikuwa yameinamishwa. Akamwita muzee.

"Ulijua ile gari ya Mubeleji wa kahawa?"

"Njo mimi nilikuwa naitengeneza, citoyen."

"Na yangu ifanye vile vile. Vile vile kabisa."

Lazima nieleze hapa, na ni jambo jepesi. Ukizunguka rasi na ziwa likiwa kushoto kwako, karibu kona zote zinapinda kuume, na kila kona uzito wa gari unaangukia tairi za kushoto, upande wa ziwa. Kwa hiyo muzee aliyalaza magurudumu mawili ya mbele kidogo kuelekea kuume, jinsi mtu anavyolala na baiskeli akikata kona. Aliweka vipande vyembamba vya bati mahali pake, tairi ya upande wa ziwa ikakanyaga chini kwa uso wake wote badala ya kusimamia bega. Kwa barabara ya kawaida ni ujinga. Kwa mzunguko ule, ukienda upande ule, ni akili tupu. Kwa hiyo muzee aliuliza swali moja kabla ya kuanza.

"Tutazunguka upande gani, citoyen?"

Mkurugenzi alimtazama kama aliyeulizwa jina la mama yake. "Upande ule ule, muzee. Iko na upande ngapi?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika taa.

Muzee alifanya kazi siku mbili. Mkurugenzi alikwenda kujaribu gari asubuhi, ziwa likiwa kushoto, akarudi anacheka peke yake. Tulizipapasa tairi zote nne baadaye, mimi na muzee, na zilikuwa zimelika sawasawa. Muzee aliridhika. Alivuta sigara nusu, nusu nyingine akaiweka nyuma ya sikio.

Jumapili baada ya misa mji wote ulishuka kwenye rasi. Mtaa mzima wa Kadutu ulikuwa pale, wamama na mabeseni yao ya mahindi ya kuchoma, watu juu ya kuta na juu ya miti. Sisi wa garage tulibeba jeki na tairi moja ya akiba. Tulipofika tukaona magari yamepangwa yanatazama upande mwingine. Nilidhani yanageuzwa. Kisha msemaji akashika kipaza sauti.

Akasema kwamba Wabeleji walizunguka na ziwa kushoto. Akasema kwamba sisi hatutafuata tena njia ya mkoloni hata kwenye michezo. Akasema kwamba kamati, ilipokutana Ijumaa, imepokea kwa makofi pendekezo kwamba tuzunguke kwa njia yetu wenyewe, na ziwa kuume. Na aliyetoa pendekezo hilo la kizalendo ni citoyen directeur wa garage.

Mkurugenzi akanyanyua glavu zake nyeupe. Watu wakapiga makofi.

Mtu huyu aliamuru gari iinamishwe kwa upande mmoja, kisha akaenda kwenye kikao, akatafuta neno la kuwafurahisha wakubwa, akageuza barabara. Wala haikumpitia kichwani kwamba barabara na gari ni mambo yanayojuana. Hakuwa amesahau, maana mtu husahau kitu alichowahi kukijua.

Muzee aliweka jeki chini. Akanitazama, akasema, "Twende." Tukapita katikati ya wakubwa na suti zao za abakosti, mpaka kwenye gari nyekundu.

"Citoyen directeur, unisamehe. Gari iko imelala upande mubaya. Unipe nusu saa nigeuze vile vyuma. Kama hapana, ile pneu ya kuume itakwisha mbele ya mwisho."

Mkurugenzi alikuwa anazungumza na kiongozi mmoja. Hakugeuka mwili mzima, aligeuza shingo tu.

"Muzee, unataka kunifundisha kuendesha mbele ya watu? Rudi nyuma kule na jeki yako."

Tulirudi nyuma kule na jeki yetu.

Mizunguko ilikuwa kumi. Wa tatu nilianza kuisikia ile tairi kwa masikio, inalia kwenye kila kona kama mlango usiopakwa mafuta. Wa tano ilikuwa inatoa moshi. Muzee alikuwa amekaa juu ya tairi ya akiba, amegeuzia barabara mgongo, hakutaka kuona. Wa sita ikapasuka. Gari ilikwenda yenyewe, taratibu kabisa, ikaingia kwenye ua wa misipresi wa nyumba moja ya wakubwa na kukaa humo. Mkurugenzi akatoka mzima, glavu nyeupe mkononi, jani la msipresi limemsimama kichwani, naye hajui. Maman mmoja wa mahindi akacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa cha sokoni, kile cha kuita wateja. Akacheka wa pili, na baada ya hapo ukuta mzima wa watu ukacheka, na nilimwona kiongozi aliyekuwa akizungumza naye anaficha mdomo kwa leso.

Hilo ndilo jeraha. Gari ilikuwa imekwaruzwa tu.

Jumatatu, baada ya wimbo na viuno, tuliitwa kwenye meza ya kazi. Juu yake kulikuwa na tairi mbili za mbele. Kando ya mkurugenzi alisimama mtu wa usalama aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mkurugenzi akasema neno moja tu, hujuma, kwa Kifaransa: "Sabotage." Nyinyi mliozaliwa baadaye mnaweza kulisikia neno hilo na kunywa chai yenu. Siku zile mtu aliyebandikwa neno hilo alipanda gari ya watu wa usalama, na familia yake ikaanza kuzunguka ofisi hadi ofisi kuuliza yuko wapi.

"Muzee," akasema mwenye miwani, "utueleze hii."

Na muzee akaeleza. Nilimwomba Mungu muzee anyamaze, lakini kwake tairi ilikuwa tairi. Alipitisha kiganja juu ya ile iliyopasuka, akatuonyesha bega la nje lililolika mpaka nyuzi, na nusu ya ndani ambayo bado ilikuwa na vinyweleo vyake vya kiwandani. Upepo ulikuwa sawa, akasema, ungekuwa mdogo ingelika mabega yote mawili. Breki haihusiki, hakuna mahali paliposagika bapa. Kisha akaishika ile ya kushoto, nzima kama mpya, ila ukanda wa kidole kimoja ukingoni kwa ndani. Alizilaza pamoja ubavu kwa ubavu.

"Hii haina kosa, na hii haina kosa," akasema. "Zilizungushwa upande usio wake. Ni vile tu."

Ilikuwa sahihi. Sijasikia tangu siku ile maelezo sahihi zaidi juu ya tairi, na nimesikia mengi, mengine kwa watu wenye mashine za taa na vioo.

Mwenye miwani akauliza taratibu, "Huo upande, nani aliuchagua?"

Mkurugenzi akajibu upesi, "Kamati. Kamati ya Chama."

"Basi muzee anasema Chama kilikosea njia?"

"Mimi sijasema Chama," akasema muzee, kiganja bado juu ya tairi. "Nimesema pneu."

Walimchukua pale pale. Tulikuwa watu kumi na tano tumezunguka meza ile, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi ndiye niliyesimama naye Jumapili mbele ya gari, nikasikia alivyomwonya mkurugenzi. Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Mchana mkurugenzi aliniita ofisini. Alikuwa amevua glavu, mikono yake ilikuwa midogo na laini. Akaniambia niandike rapport technique, yaani ripoti ya ufundi, ya Kifaransa, yenye maneno ya shule, itolewe Jumatano. Iseme kwamba gurudumu liliinamishwa kusudi ili gari iharibike. "Wewe uko na diploma," akasema. "Yule hana kitu." Ikisha kuandikwa, muzee angetoka cachot, mahabusu ya mjini, na kupelekwa gereza kubwa, na mtu wa umri wake hakuwa wa kurudi kutoka humo.

Nilipotoka nikamkuta mke wa muzee langoni. Aliuza maharage kwenye soko la Kadutu, na alikuwa ameteremka moja kwa moja kutoka kwenye meza yake, kikombe cha kupimia bado kiko mkononi.

"Banasema njo wewe utaandika."

"Njo mimi, maman."

"Andika arudi," akasema. Hakulia wala hakunisihi. Alirudi kupanda kilima na kikombe chake.

Nilikaa na karatasi ile siku nzima ya Jumanne. Nikiandika kama mkurugenzi anavyotaka, muzee amekwisha. Nikiandika ukweli, kwamba mwenye gari mwenyewe ndiye aliyegeuza barabara na alionywa, nimeandika kwamba njia ya Chama imekula tairi, na hapo tungekuwa wawili cachot. Basi nikapata wazo, na lilinifurahisha mno. Ili kuhujumu, lazima ujue. Mtu asiyejua kitu hawezi kuhujumu kitu. Niliandika kwamba fundi huyo ni mtu asiye na elimu yoyote, hajui kusoma mchoro, anapima kwa uzi na jiwe kwa desturi za kienyeji, na akili yake haifikii kuelewa kuinama kwa gurudumu, sembuse kupanga hila. Kuhusu tairi niliandika kwamba ilitoka kiwandani ng'ambo ikiwa mbovu ndani. Nilipanga maneno ya Kifaransa marefu, yale yanayomfanya msomaji aone haya kusema hakuelewa.

Mkurugenzi aliisoma mara tatu, midomo ikitembea. Akacheka. Kosa halikuwa tena lake wala la Chama, na muzee alikuwa mjinga kwa maandishi. Aliniomba niongeze kwamba kiwanda hicho ng'ambo ni cha mabeberu. Nikaongeza. Akanipiga bega, na mimi nikatoka nimejivimbia, nimemchezesha mkubwa kama mwanasesere na rafiki yangu atatoka. Nilimdharau siku ile kuliko siku zote. Nilidharau vizuri sana, kwa raha.

Alhamisi asubuhi walimleta muzee kwenye mstari wa bendera. Hawakumrudishia kamba za viatu, akawa anaburuta miguu. Aliimba nasi. Alikata kiuno nasi, na koti lake la jivu. Kisha mkurugenzi akatoa karatasi yangu mfukoni, akaisoma kwa Kifaransa, na ilipokwisha akasema atairudia kwa Kiswahili ili wote wasikie.

Hilo sikulitazamia. Kwa Kifaransa maneno yale yalikuwa na nguo. Kwa Kiswahili, katika kinywa cha mtu yule, mbele ya vijana ambao muzee aliwafundisha kushika spana, yalisimama uchi. Mutu hana elimu. Hajui kusoma. Anapima na uzi na jiwe kama mushenzi. Akili yake haifike. Mkurugenzi alicheka kila sentensi, na kwa kuwa yeye alicheka, mstari ukacheka. Wengine walicheka wakiangalia chini, lakini walicheka. Muzee hakumtazama mkurugenzi hata mara moja. Alinitazama mimi. Alijua Kifaransa cha kutosha kwa magari, na maneno ya karatasi ile yalikuwa ya mtu aliyesoma. Hakuhitaji kuambiwa ni nani.

Mstari ulipovunjika nikamfuata kwenye kona yake. Alikuwa anakunja uzi.

"Papa, niliandika vile ili utoke."

"Najua."

"Hakukuwa na njia ingine."

Akamaliza kukunja, akautia mfukoni pamoja na kile kijiwe. Chaki aliiacha mezani.

"Jumapili ulikuwa pale," akasema. "Ulisikia nikimwambia."

"Nilikuwa pale, papa."

Alitikisa kichwa, polepole, kama mtu aliyesikia gari inasema anachokijua tayari. Akatoka langoni akiburuta viatu, na hakurudi tena. Juma lililofuata mimi nikawa chef, mkubwa wa karakana. Nilipewa funguo zake na kona yake.

Sihitaji kusema marefu juu ya mkurugenzi. Aliuza jeki, akauza mashine ya kujaza upepo, akauza mlango wa chuma wa bohari, na mwisho hakukuwa na cha kuuza ila nyimbo. Nilimwona mara ya mwisho amesimama mbele ya jengo tupu, anamweleza mgeni mmoja kwamba wafanyakazi walimwangusha. Nikavuka barabara nisije nikamsalimu. Hadithi zake nimezisimulia miaka mingi kwenye meza za watu, na watu hucheka kwenye glavu na kwenye msipresi. Ile ya karatasi huwa siifikii.

Miaka ilipita, nikapata gari yangu, ya zamani, lakini yangu. Siku moja nilikuwa njiani kaskazini kwa kazi, nayo ilikuwa inakula tairi ya mbele na kuvuta usukani, na kwa aibu yangu nilikuwa nimeshindwa kujua kwa nini. Nilikuwa nimebadilisha hiki na kile. Nilipofika Kalehe nikauliza kwa muzee, ingawa hakuna aliyenilazimisha. Nilimkuta mbele ya nyumba yake, karibu na barabara, anatengeneza baiskeli ya mtu. Amekonda zaidi. Mke wake alinisalimu akiwa anachambua maharage, akanipa kiti.

Tukaulizana habari za nyumbani. Aliniitikia vizuri, bila haraka. Kisha nikamwambia habari ya tairi. Akainuka, akafuta mkono kwenye suruali, akachuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto. Akapitisha kiganja kutoka nje kwenda ndani, akarudisha. Nilikuwa nimesimama juu yake, na niliona vidole vinasimama mahali pamoja, vikarudi tena pale pale, vikabonyeza. Nilijua ile ishara. Alikuwa amekwisha kuona.

Akasimama, akaenda kunawa mikono kwenye beseni la mke wake, taratibu, hadi viwikoni.

"Iko nini, papa?"

"Mimi sijui, chef," akasema. Sauti yake ilikuwa ya adabu, ile anayoitumia mtu kwa mkubwa wa serikali. "Mimi ni mutu hana elimu. Napima na uzi. Uulize ba-diploma kule Bukavu."

Akarudi kwenye baiskeli yake. Mke wake hakuinua uso kutoka kwenye maharage. Nilikaa kwenye kile kiti kidogo, nikamaliza maji niliyopewa, nikaaga, nikaagwa. Kazi ya kaskazini niliiacha. Njia nzima mpaka Bukavu gari ilinivuta kushoto, upande wa ziwa, na niliishika kwa mikono miwili.